Matembezi ya Shela na Saa za Maji

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo lenye faida kubwa, nalo ni kutembea pwani kwa miguu, baba na mama na watoto pamoja. Tumechagua kijiji cha Shela, katika kisiwa cha Lamu, nchini Kenya, kwa kuwa matembezi yake ni mepesi, tena yana somo limfaalo kila mkaaji wa pwani.

Kutoka mji wa Lamu hata Shela ni mwendo wa kilomita 3 hivi kwa njia ifuatayo ufuo. Mtu mzima huenda kwa dakika 40. Lakini mwenye watoto na ahesabu saa nzima, maana mwendo wa jamaa ni mwendo wa yule aliye mdogo kuliko wote. Hakuna mlima wa kupanda. Kushoto ni mkono wa bahari, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Manda. Mkifika kijijini mtauona msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, na mnara wake uliokuwa mpana chini na mwembamba juu. Mbele ya hapo waanza ufuo mrefu wa mchanga ukabiliao bahari kuu, yapata kilomita 12.

Basi, shida iko wapi? Shida ni maji. Maji yakijaa sana, sehemu ya njia ile hufunikwa. Jamaa waliopita asubuhi juu ya mchanga mkavu huweza kurudi jioni wakakuta bahari imefika ukutani, na watoto wamechoka, na jua linakuchwa. Kwa hiyo, kabla ya kufunga chakula na kuvaa viatu, yapasa kujua maji yatajaa lini.

Hesabu yake si ngumu. Tangu maji kupwa hata kujaa ni muda wa saa 6 na dakika chache, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kama leo yamekupwa saa 4 asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa 5. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Lamu tofauti yake ni yapata mita 3. Mwezi uwapo nusu huwa ni maji mafu, nayo hayana nguvu hiyo.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole, hata mtu akadhani kwamba bahari imelala; saa ya 3 na ya 4 huja mbio. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kanuni yetu ni hii: tokeni kabla ya maji kupwa kabisa, na yaanzapo kurudi, nanyi anzeni kurudi.

Na tuangalie sikukuu ya Idi el-Fitri, siku ambayo watu wengi hupenda kutembea. Idi huja mwezi uandamapo, maana yake ni siku za bamvua. Katika siku hizo, pwani yetu hujaa maji yapata saa 10 au 11 jioni, saa ile ile watoto waliovaa nguo mpya hutaka kwenda Shela. Afadhali waende asubuhi baada ya sala, au warudi kwa mashua.

Wazee wa Lamu walilijua somo hili. Yapata mwaka 1812 majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela kuishambulia Lamu. Yaliposhindwa yalikimbilia vyombo vyao. Lakini, kama yasemavyo masimulizi, maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa papo hapo ufuoni. Bahari haikumngoja aliyeshindwa, wala haimngoji atembeaye.

Neno moja zaidi. Nyuma ya ufuo vipo vilima vya mchanga. Watoto na wacheze chini yake, lakini wasing'oe majani yaliyoota juu, kwa kuwa majani hayo huuzuia mchanga usipeperushwe. Mvua inyeshapo, mchanga huyachuja maji na kuyahifadhi chini, na hayo ndiyo maji matamu yanywewayo Shela na Lamu.

Maji yakijaa hupwa, ndivyo wasemavyo wahenga. Nasi twaongeza: yakipwa hujaa. Baba amfundishe mwanawe kuutazama mwezi usiku, na kuhesabu saa za maji kwa vidole vyake. Mtoto ajuaye hesabu hiyo aweza kuwaongoza jamaa zake nyumbani salama.