Stima zikipotea, betri yako itakufikisha wapi?

NI saa moja na nusu jioni. Mama yuko jikoni, baba anangoja habari, mtoto ameinamia hesabu za shule. Mara, giza totoro! Mtaa mzima unaguna, kisha kila mtu anapapasa akitafuta kiberiti.

Wakazi wa miji yetu wanaijua hali hii. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikosa stima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakumbwa na giza. Si ajabu basi kuona familia zikiulizia inveta, chombo kinachogeuza umeme wa betri ya volti 12 uwe wa volti 240 kama ule wa ukutani.

Lakini msomaji, kabla hujafungua mkoba, sikia yaliyonipata. Nilinunua inveta ya wati 1,000 nikaiunganisha na betri kuukuu ya gari. Usiku wa kwanza tulitazama televisheni kwa raha zetu. Usiku wa tatu hazikupita dakika 40 kabla ya inveta kuanza kulia na kuzimika. Binti yangu akarudia mshumaa, na mtihani ulikuwa asubuhi.

Kosa langu? Nilitazama inveta nikasahau betri. Inveta ni mfereji, betri ndiyo tangi. Tena betri ya gari imeundwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi za muda mfupi, si kutoa umeme polepole usiku kucha. Ya nyumbani ni ile ya kazi ya sola.

Fundi mmoja alinifundisha hesabu yake. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ile ya asidi isitumiwe kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600, na ukitoa zinazopotea kwenye inveta, hesabu 500. Balbu nne za wati 9, televisheni ya wati 60 na kifaa cha intaneti cha wati 10 hula wati 106. Hapo utapata kama saa nne na nusu. Ukichomeka pasi ya wati 1,000, hata nusu saa hufikishi! Betri za lithiamu huweza kutumiwa zaidi ya nusu na hudumu miaka mingi, ila bei yake ni ya juu.

Usalama nao usipuuzwe. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hivyo iweke penye hewa, mbali na moto na chumba cha kulala. Wala usiunganishe inveta na soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo waweza kurudi hadi kwenye nyaya za barabarani na kumuua anayezitengeneza. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa betri nao ni mali. Siku hizi kwetu stima zikipotea, binti huendelea na masomo yake, na pasi hungoja zirudi.