King'amuzi: nani alibeba gharama ya kuhamia dijitali?

Kuhama kutoka televisheni ya analojia kwenda dijitali huelezwa mara nyingi kama kazi ya wahandisi. Kiuchumi, ni suala la mfuko wa mwananchi. Nchi inaweza kufunga mitambo mipya kwa wakati, lakini mkulima asipomudu king'amuzi, kwake televisheni imezimwa.

Msingi wake ni makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyoweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa analojia kwa sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya. Masafa ni rasilimali yenye kikomo, kama ardhi. Masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia hubeba kumi au zaidi za dijitali, na yanayobaki hutumika kwa intaneti ya simu, ambayo leo mkulima huitumia kuulizia bei ya mazao.

Tanzania haikuzima nchi nzima siku moja. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilianza na Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Mwaka 2013 ikafuata miji mingine kwa awamu, ikiwemo Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha na Mbeya. Faida ya awamu ni kwamba kasoro za mji mmoja huonekana kabla ya kufika mji wa pili. Hata hivyo, king'amuzi alinunua mwananchi mwenyewe.

Kenya ilizindua dijitali Desemba 2009 kwa teknolojia ya DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. King'amuzi cha aina ya kwanza hakipokei mawimbi ya aina ya pili, hivyo aliyewahi kununua, au kujaza mzigo dukani, ndiye aliyekuwa hatarini kupata hasara. Februari 2015, kufuatia mvutano uliofika mahakamani, vituo vikubwa binafsi vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Afrika Kusini nayo ilisogeza tarehe mara kadhaa, na Machi 2025 mahakama ilisimamisha uzimaji uliopangwa mwishoni mwa mwezi huo, suala kubwa likiwa kaya maskini ambazo hazikuwa na ving'amuzi.

Somo ni kwamba tarehe peke yake si maandalizi. Serikali inapotangaza mabadiliko ya lazima, iwe televisheni, mizani au mashine za risiti, bei ya kifaa na viwango vyake vijulikane mapema.

Kwa mnunuzi wa king'amuzi, mambo manne ni ya kuzingatia. Kwanza, usitupe televisheni ya zamani. Yenye tundu la kuingizia picha na sauti hufanya kazi na king'amuzi. Pili, uliza ni chaneli zipi utaendelea kuziona malipo ya mwezi yakiisha, kwani mapato ya shamba huja kwa msimu, si kila mwezi. Tatu, hakikisha mawimbi yanafika kijijini kwako: analojia hafifu ilionyesha chenga, dijitali hafifu hukatika kabisa. Nne, anayetumia sola akumbuke kuwa king'amuzi nacho kinakula umeme wa betri.

Muuza duka naye aanze na mzigo mdogo mpaka viwango vitangazwe rasmi. Faida ya kuwahi ni ndogo kuliko hasara ya kubaki na bidhaa isiyofaa.