Aina za Saa za Jua na Misingi ya Kuzipambanua

Saa ya jua ni chombo kinachoonyesha wakati kwa kivuli cha kijiti au ukingo, uitwao nomoni, kinachoangukia bamba lenye mistari ya saa. Kwa kuwa maumbo yake yamekuwa mengi tangu zama za Misri ya kale, wataalamu huyaainisha kwa misingi miwili: uso unaopokea kivuli, na kipimo cha jua kinachotegemewa.

Kwa msingi wa kwanza, saa huitwa ya mlalo bamba lake likilala sawa na ardhi, na ya wima likikaa ukutani. Saa ya ikweta ina bamba lililo sambamba na ikweta ya dunia, na kwa sababu jua huonekana kusogea digrii 15 kila saa, mistari yake hugawanyika kwa nafasi sawa. Saa ya ncha ina bamba lililo sambamba na mhimili wa dunia, na mistari yake, ambayo haikutani, huzidi kuachana kadiri inavyokuwa mbali na adhuhuri.

Hata hivyo, undugu wa vyombo hivi hudhihirishwa zaidi na msingi wa pili. Aina zote nne hupima mzunguko wa jua kuuzunguka mhimili, ndiyo maana nomoni yake huelekezwa sambamba na mhimili huo, kama alivyofanya Ibn al-Shatir katika saa aliyoutengenezea msikiti wa Umawiyya, Damascus, mwaka 1371. Saa ya wachungaji, ambayo ni mcheduara wa kuning'inizwa, hupima kimo cha jua. Nayo saa ya duaradufu, ambamo mtu husimama penye alama ya tarehe na kuwa nomoni mwenyewe, hupima upande liliko jua.

Juu ya misingi hiyo, mahali nako huamua. Mwinamo wa nomoni hulingana na latitudo, hivyo ile ya Samrat Yantra, saa kubwa ya ikweta iliyoko Jaipur nchini India, imeinama digrii 27 hivi. Jijini Nairobi, penye latitudo ya digrii 1 na ushei kusini, nomoni ya saa ya mlalo ingekaribia kulala juu ya bamba, kwa hiyo huinuliwa sambamba nalo, na saa hiyo ikawa ya ncha kwa hakika. Basi anayetaka kuitaja saa ya jua kwa usahihi, au kuitengeneza, hana budi kuijua kwanza latitudo ya mahali itakapowekwa.