Mzinga Mtupu na Wageni Wake

Afrika Mashariki, anayetaka kufuga nyuki kwa kujifurahisha mara nyingi hawanunui. Huwaandalia nyumba, kisha husubiri. Mzinga mtupu hupakwa nta kwa ndani, pengine na kusuguliwa kwa mchaichai, ambao harufu yake hufanana na ile wanayoitoa nyuki wakiitana. Ukitundikwa mtini msimu wa maua, kundi linalotafuta makazi huweza kuingia lenyewe.

Kwa anayeanza, unaofaa zaidi ni mzinga wa viunzi vya juu uliobuniwa Kenya miaka ya 1970. Ni sanduku lenye kuta za mshazari, lililofunikwa kwa vipande vya mbao vilivyobanana, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 32 hivi. Kipimo hicho kimetokana na nyuki wenyewe: ndiyo nafasi wanayohitaji kwa sega moja. Hivyo kila kiunzi hubeba sega lake, nalo huinuliwa na kukaguliwa bila kuvunja mengine.

Mzinga hukaa kivulini, karibu na maji, mbali na nyumba, njia na mifugo iliyofungwa kamba. Nyaya zinazouning'iniza hupakwa grisi kuwazuia siafu. Nyuki wa huku ni wakali, na ukali huo usipuuzwe: mwiba uliobaki ngozini hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Moshi wa bomba la kufukizia huifunika harufu hiyo. Kazi hufanywa jioni, kwa vazi kamili, na mwenye mzio wa sumu ya nyuki asijaribu kabisa.

Nyuki wakisumbuliwa mno au wakikosa chakula, huhama wote. Kwa hiyo mzinga haufunguliwi ovyo, na raha kubwa iko nje yake: kuketi kwa mbali na kutazama mlangoni. Chavua miguuni mwao, ya njano, ya chungwa au nyeupe, huonyesha kwamba mti fulani umechanua. Wanaoruka hapo ndio wakubwa. Kibarua kijana hufanya kazi za ndani kwa takriban wiki tatu kabla ya kutoka kutafuta maua.

Wakati wa kurina huchukuliwa masega yaliyozibwa kwa nta tu, kwani asali isiyozibwa bado ina maji mengi na huchacha. Ya majana huachwa, pamoja na asali ya kuwatosha wenyewe. Masega yakishakamuliwa huyeyushwa, na kipande cha nta huwekwa akiba ya kupaka mzinga wa pili.