Shaba ya Kamatanda na Nyuzi za Gitaa

Mawe ya Kamatanda, machimbo yaliyo kando ya mji wa Likasi, huonyesha shaba yake kwa rangi ya kijani. Ukiangalia gitaa la nyuzi za chuma utaikuta shaba huko pia. Nyuzi nne nene huwa na moyo wa feleji, na juu yake umeviringwa waya mwembamba wenye rangi ya dhahabu. Waya huo ni mchanganyiko. Aina moja ina shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, nyingine ina shaba kama asilimia 92 na bati kama asilimia 8. Jimbo la zamani la Katanga lilikuwa na vyote vitatu: shaba ya Likasi, zinki ya Kipushi, bati ya Manono. Nyuzi zenyewe, hata hivyo, zimekuwa zikija dukani kutoka ng'ambo.

Kwa nini mtengenezaji ajisumbue kuviringa? Jibu zuri linapatikana hapohapo Likasi. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja mzaliwa wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akipiga kipande kiitwacho Masanga. Karibu miaka kumi baadaye mtafiti mwingine, David Rycroft, alikaa na rekodi za Mwenda, akazichambua noti kwa noti katika jarida la African Music. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Gumba lilishika besi na cha shahada kikaimba juu yake, na kila kimoja kikasikika kama mpigaji anayejitegemea. Upigaji wa namna hiyo hausamehe uzi mbaya. Besi ikiwa butu, sauti ya pili inapotea, na kinachobaki ni gitaa moja la kawaida.

Kanuni inayotawala jambo hili iliandikwa na mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, mwaka 1636. Sauti ya uzi inategemea vitu vitatu: urefu wake, mkazo wake, na uzito wake kwa kila sentimita. Urefu ukipungua kwa nusu, sauti hupanda oktavu moja. Lakini ukitaka kupanda oktavu hiyohiyo kwa kukaza funguo, lazima mkazo uongezeke mara nne. Ukitaka kushuka oktavu bila kugusa mkazo, uzito ndio uongezeke mara nne.

Tuiweke kwenye gitaa lenye nyuzi za urefu wa sentimita 65, lililotyuniwa mi-la-re-sol-si-mi. Mi ya juu hutetemeka takriban mara 330 kwa sekunde. Kwa uzi wa unene wa milimita 0.30, hiyo inadai mkazo wa karibu kilo 10 na nusu. Mi ya chini iko oktavu mbili chini, kwa hiyo uzito wake unatakiwa uwe mara 16. Kwa feleji tupu maana yake ni waya wa milimita 1.2. Waya huo upo, lakini ni mgumu kupindika, na ugumu huo huharibu sauti: mitetemo midogo iliyomo ndani ya noti hupanda isivyotakiwa, sikio likasikia kengele badala ya besi. Kuviringa shaba juu ya moyo mwembamba kunatatua yote mawili. Uzito unapatikana na uzi unabaki mlaini.

Sasa jambo ambalo wapigaji wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Uzi mnene hauwezi kukazwa hadi noti ya juu zaidi kuliko mwembamba. Ni kweli una nguvu zaidi, lakini pia ni mzito zaidi kwa kiwango kilekile, na mambo hayo mawili yanafutana. Noti ambayo uzi wa feleji tupu utakatikia huamuliwa na urefu wake na ubora wa feleji, basi. Kwa feleji nzuri ya nyuzi za muziki na urefu wa sentimita 65, hesabu inatoa la iliyo juu ya mi ya kwanza, na kwa vitendo hukatika kabla ya hapo. Ndiyo sababu vijana wengi wa Afrika waliojitengenezea magitaa kwa nyaya za breki ya baiskeli walikuwa na kazi kweli. Feleji dhaifu zaidi ina dari ya chini zaidi, hata uwe umechagua waya mnene kiasi gani. Dawa yao ni shingo fupi.

Au kapo. Penseli iliyofungwa kwa mpira juu ya shingo hupandisha sauti kwa kufupisha uzi, na mkazo unabaki karibu uleule. Kukaza nyuzi nusu toni huongeza mkazo kwa asilimia 12, na toni nzima kwa asilimia 26. Kwa gitaa la bei nafuu hizo si tarakimu za vitabuni. Seti ya nyuzi inayoanzia milimita 0.30 huvuta daraja kwa zaidi ya kilo 70 kwa jumla, ilhali ile inayoanzia 0.25 huvuta kama kilo 60. Magitaa ya Gallotone yaliyotengenezwa Durban, na kuenea kusini na katikati ya Afrika, yalikuwa ya mbao nyepesi (John Lennon alianza na mojawapo, na ndani yake mlikuwa na kibandiko kilichoahidi kwamba halitapasuka). Sanduku la aina hiyo nisingelivisha nyuzi nene, hata kibandiko kiseme nini.

Rumba ya Kongo nayo ina hila yake, mi-composé. Mpigaji huondoa uzi wa nne, re, na mahali pake huweka uzi mwembamba unaotoa re ya oktavu ya juu. Angejaribu kuupandisha ule wa zamani angehitaji mkazo mara nne, nao ungekatika kabla hajafika. Waya tupu wa milimita 0.33 hufika huko kwa mkazo wa takriban kilo 10, bila shida.

Kusini zaidi, Malawi na Zambia, gitaa la kuteleza la Hawaii liligeuka kuwa hauyani. Daniel Kachamba wa Malawi aliupiga mtindo huo kwa kutelezesha chupa juu ya nyuzi. Chupa ni mstari mmoja ulionyooka, haiwezi kubonyeza kila uzi mahali pake, kwa hiyo nyuzi zenyewe lazima ziwe zimetyuniwa tayari kuwa kodi, yaani noti zinazopatana zikilia pamoja. Hapa mpigaji ana njia mbili. Anaweza kulegeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita kwa toni moja, apate re-sol-re-sol-si-re. Au anaweza kukaza wa pili, wa tatu na wa nne kwa toni moja, apate mi-la-mi-la-do dièse-mi. Mpangilio wa vipimo kati ya nyuzi ni uleule, ila wa pili umesimama toni moja juu.

Kwa gitaa dhaifu ningechagua kulegeza. Mkazo wa nyuzi hizo tatu unashuka asilimia 21, na chupa itaanza kuzigonga kwenye shingo. Kuurudisha, zinenepeshwe kwa asilimia 12, yaani wa kwanza utoke milimita 0.30 hadi 0.34, na wa sita utoke 1.35 hadi 1.5. Anayeshikilia njia ya pili, ile ya la, mathalani kwa sababu mwimbaji wake ana sauti ya juu, afanye kinyume: uzi wa si wa milimita 0.41 aubadilishe kwa 0.36 ndipo aukaze.