Teksi ya watu wanne: Nchelenge inawezekana, jiji kubwa je?

NCHELENGE, Zambia

Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, teksi ya pamoja haiondoki kwa saa, inaondoka kwa vichwa. Watatu nyuma, mmoja mbele, gari linawashwa. Akikosekana mmoja, wote wanasubiri. Mwenye haraka analipia na kiti kilicho tupu.

Mpango huu unabebwa na umbo la mji wenyewe. Kashikishi na Nchelenge zimeshikana, na shughuli nyingi zimefuata barabara ya ziwani: soko, samaki, Hospitali ya Misheni ya St. Paul's. Barabara hiyo inaendelea kusini hadi Mwansabombwe na Mansa. Anayeshuka hospitalini hamcheleweshi sana anayekwenda sokoni, maana wote wako njia moja.

Jijini mambo ni mengine. Uber ilianza kuchanganya abiria San Francisco mwaka 2014, ikasimamisha huduma hiyo Machi 2020 kwa sababu ya korona, kisha ikairudisha Marekani mwaka 2022 kwa jina jingine. Lakini ugumu wa kazi hiyo haukuletwa na korona. Mmoja wa Mbagala na mwingine wa Tegeta hawawezi kugawana gari bila mmoja wao kuzungushwa. Wenye njia moja tayari wana daladala, na Nairobi wana matatu; hiyo nayo ni safari ya pamoja, ila haina jina la kisasa.

Hata hapa ziwani, nauli nafuu hulipwa kwa muda. Mchuuzi wa chisense, dagaa wa Mweru waliokaushwa juani, anaweza kungoja. Wa samaki wabichi anaitazama barafu. Uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, biashara ya samaki hupoa na kiti cha nne huchelewa kupata mtu. Sherehe za Mutomboko za Mwansabombwe, mwishoni mwa Julai, hugeuza hesabu: siku hizo abiria ndio wanaotafuta gari.

Kipimo kigumu zaidi kiko Mantapala, makazi ya wakimbizi wa Kongo yaliyofunguliwa mwaka 2018, ndani, mbali na ziwa. Wengi huko ni wasemaji wa Kiswahili. Barabara ya ziwani haiwapitii, hivyo gari halijazwi na wapita njia. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku atasubiri wenzake watatu, au atalipia viti vyote vinne.