Ulipe Ngapi Kusomea Ploti Kabla ya Kununua Ploti?

Huenda nawe umepata meseji kama hii: "Jifunze biashara ya ploti na nyumba za kupangisha. Lipa 15,000 leo, kesho bei inapanda." Kabla hujaweka PIN, hebu tupige hesabu pamoja.

Anza na akiba yako, si bei yao

Tuseme umeuza mbuzi kadhaa soko la mifugo Garissa, au zamu yako ya ayuto imefika, na sasa una shilingi 60,000. Kozi ya 15,000 ni robo ya pesa hiyo, na bado huna hata futi moja ya ardhi. Tunapendekeza kipimo rahisi: masomo yasizidi shilingi 1 kwa kila 20 ulizo nazo. Kwa 60,000, hiyo ni 3,000. Ukipita hapo, unakula mtaji.

Je, somo linahusu ardhi ya kwenu?

Mafunzo mengi huzungumzia ploti zenye hati ya mtu binafsi. Huku Kaskazini Mashariki, sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Ikishasajiliwa, kuiuza kunahitaji angalau thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa wakubali. Kwa hivyo broka akikwambia "mzee wa bulla ameshakubali", hiyo haitoshi. Kozi isiyogusa jambo hili haikufai, hata ukipewa bure.

Hiyo 3,000 uitumie wapi?

1. Anza na ya bure. Nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uulize karatasi gani zinakubalika kwa ploti za mtaa unaoutaka. Sheria zenyewe zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.
2. Fanya sachi ya ploti yenye hati. Utaona jina la mwenyewe na kama kuna mkopo juu yake. Lipa ada rasmi, uchukue risiti.
3. Ikibaki pesa, muulize wakili au sorovea aliyesajiliwa maswali yako. Bei mkubaliane kwanza.

Ukiamua kulipia kozi

- Lipa kwa nambari ya biashara, si ya mtu binafsi.
- Soma jina linalotokea unapolipa. Likitofautiana na la wenye kozi, simama.
- Usifute meseji ya malipo.
- Usikope kwa simu kulipia somo. Deni linaanza leo, ploti bado haipo.
- Ukiharakishwa, ngoja wiki moja. Somo zuri halitakimbia.

Pesa ikishatumwa na kutolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Ikiwa bado kwenye laini yako, uamuzi ni wako.